Mshindi Aliyengoja

Somo: Waebrania 11:39 hadi 12:2



Masika yanapoingia katika milima yetu ya Upare, sote twageuka kuwa wanafunzi wa kutembea. Udongo mwekundu wa njia za Mbaga, Chome, Vudee na Suji hunywa maji usiku kucha, na asubuhi huwa kama sabuni. Hapo mtu haulizwi cheo chake. Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, fundi cherehani na mtoto wa shule, wote hushika majani ya kando ya njia na kumwomba Mungu wafike chini salama.

Hata hivyo, wenyeji wa milimani wana elimu yao. Mtazame mama wa Mamba Miamba anapoteremka na mzigo wa tangawizi kichwani. Hauelekezi mguu wake chini moja kwa moja, bali huuweka upande, ukingo wa mguu ukachimba udongo. Magoti yake hayakukazwa, yamelegea kidogo. Macho yake yako mbele, hayako miguuni. Na akifika mahali pabaya hupaza sauti, "Hapa pana utelezi!" Sauti hiyo si kwa ajili yake yeye, maana amekwisha kupita. Ni kwa ajili ya anayekuja nyuma.

Leo tunataka kuzungumza juu ya utelezi, na juu ya yule anayekuja nyuma.

Kutoka vilele vyetu vya Shengena, vyenye urefu wa mita 2,462, siku ya anga safi twaona Kilimanjaro ikiwa na weupe wake kichwani. Sisi tumezoea kuuona weupe ule, lakini ulimwengu ulichelewa kuusadiki. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa shirika la C.M.S. aliyetoka Rabai, karibu na Mombasa, aliuona mlima huo akaandika kwamba una theluji. Wataalamu wa London waliokaa karibu na moto wao walimkatalia, wakasema haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Ikapita zaidi ya miaka kumi kabla ya wasafiri wengine kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli. Na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni wakiwa na skii, wakawa watu wa kwanza kuzitumia katika mlima huo. Tangu mwaka huo, zaidi ya sehemu nne katika tano za barafu ya Kilimanjaro zimeyeyuka, na jambo hilo nalo linahitaji mahubiri yake siku nyingine.

Labda msomaji atauliza, skii ni kitu gani? Ni vipande viwili vyembamba na virefu, zamani vikichongwa kwa mbao, ambavyo mtu huvifunga katika viatu vyake, kimoja kila mguu, ili ateleze juu ya theluji badala ya kuzama ndani yake. Mikononi hushika fimbo mbili. Katika nchi za kaskazini watu wamesafiri hivyo kwa maelfu ya miaka, wakienda kuwinda, kuchunga na kutembeleana. Siku hizi ni mchezo pia, na katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi watu hushindana kwa skii katika mbio za masafa marefu, kupanda na kushuka vilima, kama vijana wetu wanavyoshindana katika mbio za nyika.

Basi katika mbio hizo ndimo tunamokuta habari tunayotaka kuwaeleza.

Kulikuwa na kijana wa Kenya, mzaliwa wa upande wa Eldoret, jina lake Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyepata medali ya shaba ya mbio hizo katika Olimpiki ya mwaka 1972 huko Munich. Mwaka 1996 kampuni moja ya viatu ilimpeleka Ufini pamoja na mwenzake Henry Bitok, ili wajifunze skii. Boit hakuwa amewahi kuona theluji kwa karibu. Miguu iliyozoea vumbi la Bonde la Ufa ikafungwa skii, na mtu aliyewashinda wengi kwa mbio akawa anaangushwa na vilima ambavyo watoto wadogo wa Kifini waliviteremka wakicheka.

Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Februari 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio hizo hizo alikuwamo Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa ambaye katika maisha yake ya michezo alipata medali nane za dhahabu za Olimpiki. Dæhlie alishinda siku ile kwa dakika 27 na sekunde 24. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka wakamalizika wote isipokuwa mmoja. Philip Boit alikuwa bado yuko huko theluji ilikokuwa, anapanda, anateleza, anaanguka, anainuka.

Alifika kwa dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92 kati ya watu 92 waliomaliza. Dakika ishirini nzima zilikuwa zimepita tangu bingwa kumaliza.

Lakini alipovuka mstari alimkuta mtu amesimama anamngoja. Alikuwa Dæhlie. Bingwa alikataa kuondoka, na sherehe ya washindi ikabidi ingoje. Jasho lilikuwa limekwisha kumkauka katika baridi ile, na medali ya dhahabu ilikuwa tayari yake, lakini alitaka kwanza amlaki mtu wa mwisho. Wakakumbatiana. Tangu siku hiyo watu hao wawili walikuwa marafiki, na Boit alipopata mtoto wa kiume alimwita Daehlie. Boit mwenyewe hakukata tamaa. Alirudi tena katika Olimpiki ya mwaka 2002 huko Salt Lake City, na ya mwaka 2006 huko Turin.

Tumeitafakari habari hii mara nyingi, na tunaona ina mafundisho matatu kwa watu wa Mungu. Ili tuyaeleze vema tulimwuliza mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye alikwenda kusoma Norwei akakaa huko miaka kadhaa. Alikuja nyumbani kula Krismasi na wazee wake, akapita kutuamkia, nasi tukamshika hapo hapo barazani.

"Mwalimu," alisema, "wiki ya kwanza nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Mtoto wa miaka minne alinipita, kisha akarudi kuniuliza kama nimeumia."

FUNDISHO LA KWANZA: Weka uzito wako wote.

Mwanafunzi wetu alitueleza kwamba skii za mbio za masafa marefu zimepindwa kidogo kama upinde, katikati zimeinuka. Chini ya sehemu hiyo ya katikati hupakwa nta inayoshika theluji. Mbele na nyuma hupakwa nta inayoteleza. Mtu anapoweka uzito wake wote juu ya mguu mmoja, upinde ule hukandamizwa, nta ya katikati ikagusa theluji na kushika, naye akajisukuma mbele. Kisha huhamisha uzito wake wote kwenye mguu wa pili na kuteleza juu yake. Ndivyo anavyokwenda, mguu huu, mguu ule.

Anayeanza huogopa. Hugawa uzito wake nusu huku na nusu huku, akidhani kwamba hivyo ndivyo atakavyokuwa salama. Matokeo yake hakuna skii inayoshika wala inayoteleza vizuri. Anabaki anapapasa mahali pale pale na kuchoka. Na kwenye mteremko wenye barafu woga humfanya aegemee nyuma. Kumbe ni huko nyuma ndiko kuanguka kuliko, kwa sababu mtu aliyeegemea nyuma hawezi tena kuziongoza skii zake. Mwalimu wake humwambia, pinda magoti, inama mbele kuelekea kule unakokuogopa, na ukingo wa skii utashika.

Eliya aliwauliza watu wa Israeli juu ya mlima Karmeli watasitasita mpaka lini katikati ya mawazo mawili. Swali hilo lipo katika 1 Wafalme 18:21, nalo ni letu pia. Wako Wakristo wenye mguu mmoja kanisani na mguu mwingine kwa mganga. Wako wanaomwomba Mungu mvua huku wanahamisha mpaka wa shamba la jirani. Tukigawa uzito wetu hivyo hatuendi mbele. Tunachoka bure, na tukichoka twasema imani ndiyo iliyo ngumu. La hasha. Imani haijapewa uzito wetu bado.

FUNDISHO LA PILI: Jifunze kuinuka.

Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka. Nasi twaongeza kwamba kuanguka nako si kubaki chini. Katika Mithali 24:16 tunafundishwa kwamba mwenye haki huanguka hata mara saba, lakini huinuka.

Kuinuka nako kuna kanuni yake. Tulidhani aliyeanguka kwenye theluji husimama tu kama sisi tunavyosimama njiani tukijifuta matope. Mwanafunzi wetu alicheka. "Hapana, Mwalimu. Ukisimama skii zikiwa zimeelekea chini ya mlima, zitakuchukua tena kabla hujanyoosha magoti, na safari hii utaanguka vibaya zaidi. Kwanza, ukiwa bado umelala, unazigeuza skii zako zikingame mteremko. Unaziweka upande wa chini yako. Ndipo unapojivuta, unapiga goti, unasimama."

Wapendwa, hayo ni mafundisho ya toba kamili. Wengi wetu tunataka kusimama bila kugeuka. Mlevi anasema ameacha, lakini jioni miguu yake ingali inaelekea njia ile ile ya kilabuni. Aliyegombana na ndugu yake anasema amesamehe, lakini hajabadili njia anayopita ili asikutane naye. Huyo amesimama, ni kweli, lakini skii zake zingali zinatazama chini. Kesho atakuwa chini tena, naye atasema Mungu hakumsaidia. Toba ni kugeuka kabla ya kusimama, hata kama kugeuka kwenyewe kunafanyika tukiwa tumelala matopeni na watu wanatuona.

Tena angalia jambo hili: aliyeanguka anapiga goti kwanza. Hakuna anayeinuka mlimani bila kupita gotini.

FUNDISHO LA TATU: Aliye juu awajibike kwa aliye chini.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

Watu wa skii wana kanuni kumi za mwenendo, zilizowekwa na Shirikisho la Kimataifa la Skii, na zinafuatwa katika nchi nyingi. Kanuni ya kwanza ni kwamba kila mmoja aende kwa namna ambayo haitamdhuru mwenzake. Ya tatu ni kwamba anayetoka nyuma au juu ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Ya tisa inasema kwamba ajali ikitokea, kila mtu ana wajibu wa kusaidia. Haijalishi kama anamjua aliyeumia au hamjui, wala kama ana haraka au hana.

Tuitazame vizuri kanuni ile ya tatu. Aliye juu ana mwendo, ana nguvu, na anamwona aliye chini. Aliye chini hana macho kisogoni. Kwa hiyo mzigo wote wa uangalifu umewekwa juu ya yule mwenye nguvu. Kwetu kuna methali kwamba aliye juu mngoje chini, nasi huitumia kwa uchungu kidogo, tukimngojea mwenye majivuno aanguke. Lakini kanuni ya theluji imeigeuza methali hiyo: wewe uliye juu, mngoje aliye chini. Mtume Paulo anafundisha jambo hilo hilo katika Wagalatia 6:1-2, kwamba mtu akighafilika katika kosa, walio wa kiroho wamrejeze kwa upole, na tuchukuliane mizigo. Hawaambii walio dhaifu wakimbie kuwafikia wenye nguvu. Anawaambia wenye nguvu warudi.

Sasa hatuna budi kuwaungamia jambo, maana si haki kuwahubiria wengine na kuficha la kwetu.

Mwaka 1994 tulikuwa wakufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Kila mwaka palikuwa na mbio za nyika za mabweni. Kila bweni lilitoa watu sita, na kanuni ilikuwa kwamba bweni lisilotimiza watu sita waliomaliza halihesabiwi. Sisi tulikabidhiwa meza ya mwisho, saa, na daftari la majina.

Mwanachuo mmoja alikuwa ametoka kuugua malaria wiki ile. Hakuwa mkimbiaji hata katika uzima wake, lakini bweni lake lilipungukiwa na mtu wa sita, akajitolea. Wenzake wote walifika. Tukangoja kidogo. Mawingu yakakusanyika, harufu ya wali na nyama ikatoka jikoni, maana ilikuwa sikukuu, na wageni wa heshima walikuwa wamekaa tayari mezani. Tukaitazama saa yetu, tukasema huyo bila shaka ameacha njiani. Tukafunga daftari. Meza ikaingizwa ndani, na ile kamba ya mwisho ikakunjwa.

Mpishi ndiye aliyetueleza baadaye. Kijana alifika mvua ikiwa imekwisha kuanza. Alikimbia mpaka pale palipokuwa na kamba, akasimama, akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Kisha akajipitisha polepole mahali pale kamba ilipokuwa, kama mtu anayevuka mstari ulio wazi machoni pake, akaenda zake bwenini.

Asubuhi yake alikuja ofisini. "Shikamoo Mwalimu." Tukaitikia. Akasema, "Naomba kuuliza, Mwalimu. Jina langu limeandikwa?"

Tukamweleza kanuni. Tulimweleza vizuri sana, kama walimu wanavyojua kueleza: kwamba daftari hufungwa kwa saa yake, kwamba utaratibu ni utaratibu, kwamba mwalimu wa kesho lazima ajifunze kutunza wakati. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, Mwalimu. Asante." Bweni lake halikuhesabiwa.

Kijana huyo alihitimu akaenda kufundisha shule za mbali, na watu waliofanya kazi naye walituambia kwamba alikuwa mwalimu asiyemwacha mtoto nyuma. Mara nyingi tulisema tutamwandikia barua. Tulisema likizo hii, tukasema likizo ijayo. Mwaka 2011 tulipata habari za kifo chake. Barua ile haikuandikwa.

Ndugu zetu, tuliposoma kwa mara ya kwanza habari za Dæhlie kumngoja Boit, hatukufurahi. Tuliona aibu. Bingwa wa dunia, mwenye wageni wakubwa kuliko wetu na sherehe kubwa kuliko yetu, alisimama katika baridi kumngoja mtu asiyemjua. Sisi, tuliomjua kijana wetu kwa jina na kwa bweni, tulishindwa kusimama kwa sababu ya mawingu na sahani ya wali.

Ndipo tulipolirudia somo letu la Waebrania kwa macho mengine. Mwandishi anawataja mashujaa wengi wa imani, Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Musa, Rahabu na wengine. Halafu mwishoni mwa sura ya 11 anasema jambo la ajabu. Hao wote, ingawa walishuhudiwa kwa imani yao, hawakuipokea ile ahadi, kwa kuwa Mungu alikuwa ametuwekea sisi kitu kilicho bora, ili wasikamilishwe wao bila sisi. Je, twaelewa maana yake? Ibrahimu amemaliza mbio. Musa amemaliza mbio. Lakini sherehe inangoja. Wamesimama mwishoni, wingu kubwa la mashahidi, wanatazama njia kuona ni nani anayekuja. Na mbele yao wote yuko yeye aliyeianzisha imani yetu na atakayeitimiza, Bwana Yesu, ambaye mikono yake ina alama za misumari, naye hafungi daftari kabla ya wa mwisho kufika.

Wapendwa, hiyo ndiyo Injili. Mbinguni si mahali ambapo washindi wamekwisha kula wakalala. Ni mahali ambapo mshindi anangoja.

Ikiwa ndivyo alivyo Bwana wetu, kanisa lake katika milima hii liweje? Tuyatazame madaftari yetu. Kuna binti aliyekuwa darasa la kipaimara akapata mimba, akaondoka, na hakuna aliyekwenda kumwuliza kama atarudi. Askofu amekuja na kuondoka, wenzake wamewekewa mikono, naye amekaa nyumbani na mtoto wake, akisikia kengele ya Jumapili. Kuna baba aliyeteleza katika fedha za kikundi, akalipa zote, lakini mpaka leo hakuna anayekaa naye benchi moja. Kuna mzee aliyebatizwa uzeeni, hajui nyimbo, hajui lini kusimama na lini kupiga magoti, na vijana humcheka. Kuna mjane anayeishi juu kabisa mlimani, njia yake haipitiki wakati wa masika, naye amepitisha miezi mitatu bila Meza ya Bwana, kwa sababu sisi tulio chini tumesema atashuka jua likiwaka.

Hao si walioacha mbio. Wako huko kwenye utelezi, wanapanda, wanaanguka, wanainuka. Swali ni moja tu: watakapofika, watamkuta nani mwishoni?

Sisi Wapare twaijua kazi ya msaragambo. Mfereji wa maji ukiziba, au ndiva ikijaa tope, kengele haimwiti mwenye shamba la juu peke yake. Kila nyumba hutoa mtu, maana maji yasipofika shamba la mwisho, ndiva hiyo si ya kijiji tena, ni ya wachache. Tunawaomba tuwe na msaragambo wa roho. Katika juma hili kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja ambaye daftari lake tulilifunga mapema. Tusimwite kwa tangazo la kanisani. Twende nyumbani kwake kwa miguu yetu wenyewe, hata kama njia ina utelezi, hasa kama njia ina utelezi. Tusiende kumweleza kanuni. Tukae naye, tunywe chai yake, na tumwambie kwamba tunamngoja.

Na kama kuna anayestahili kuombwa radhi na angali hai, barua iandikwe leo. Sisi tulingoja likizo ijayo.

Kuhusu kijana wetu, tunajifariji kwa jambo moja. Zamani yeye alikuwa nyuma nasi tulikuwa mwishoni. Sasa mambo yamegeuka. Yeye amekwisha kuvuka mstari, na jina lake, twaamini, limeandikwa na Mkono usiokosea. Sisi ndio tulio nyuma, wazee wenye magoti mabovu, katika sehemu ya mwisho ya mteremko. Kwa jinsi tulivyomjua, hatudhani kwamba ameondoka pale mwishoni. Tunadhani anangoja.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, wewe uliyemaliza mbio na hukutuacha, tuzuie tusianguke, na tukianguka utugeuze kabla ya kutusimamisha. Utusamehe kila daftari tulilolifunga kabla ya wakati. Utupe miguu ya kurudi nyuma kumfuata aliyechelewa, na moyo wa kusimama katika baridi mpaka afike. Uwashike mkono leo wote walio kwenye utelezi, katika milima hii na katika milima ya mbali tusiyoijua. Na siku yetu itakapofika, tukiwa wa mwisho kabisa, tukukute umesimama, pamoja na watakatifu wako wote. Kwa ajili ya jina lako. Amina.